Kukumbuka mauti kwa kalamu

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza mtu afanyeje akumbuke mauti kila siku bila kuishi kwa huzuni, maana kila ukitoka makaburini moyo unalainika siku tatu, halafu basi. Ndivyo moyo ulivyo, haukai mahali pamoja. Shika kalamu.

Hadithi ya Ibn Umar, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inasema Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimfai kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Machozi hayakutajwa hapo.

Nunua daftari la kawaida. Mwanzo andika madeni unayodaiwa: nani, kiasi, tarehe, nani alishuhudia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, 2:282, inahusu kuandikiana deni, na imesema liwe dogo au kubwa. Kwa hiyo hata elfu nane ya unga dukani kwa Mangi inaingia. Mahari watu huyaruka. Uliyekubali laki tano ukatoa mbili, laki tatu zilizobaki ni deni, na mjane hulipwa hizo kwanza, kisha ndipo apewe fungu lake la mirathi.

Ukurasa wa amana ndio unaoharibu familia nyingi. Mweka hazina wa kikoba ana 1,800,000 za wanachama kwenye laini yake mwenyewe. Akifa ghafla, warithi wanaona salio, wanagawana, na hakuna mwizi hata mmoja hapo, wote wanaamini ni mali ya marehemu. Mstari mmoja ungetosha: "Shilingi 1,800,000 zilizomo kwenye laini hii ni za kikoba, orodha anayo katibu." Andika vilevile kiwanja ulichonunua kwa jina lako kwa niaba ya ndugu aliye Oman, na cherehani uliyoazima. Namba ya siri usiiandike. Taja benki na mtandao tu, msimamizi wa mirathi atafuatilia kwa barua ya mahakama.

Kisha haki za Mwenyezi Mungu: zaka iliyolala, nadhiri, siku za Ramadhani ulizoweza kuzilipa ukaziahirisha. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, ukifa hujazilipa, kila siku moja hutolewa kibaba kimoja cha chakula, au walii, yaani jamaa yako, akufungie.

Wasia wenyewe una mipaka miwili. Hauzidi theluthi ya mali: sahaba Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa zaidi, Mtume (s.a.w.) alimwambia theluthi, na theluthi ni nyingi. Wala hauendi kwa mrithi, mpaka warithi wenzake waridhie. Ile kauli ya "nyumba hii ni ya kitinda mimba wangu" ikitolewa kitandani mwa mgonjwa inazaa kesi. Ukitaka kumpa mtoto, mpe hiba ukiwa mzima, umkabidhi kweli, na uwafanyie uadilifu wenzake.

Tuseme mtu ameacha 30,000,000, mke, wavulana wawili na wasichana watatu, wazazi wake wametangulia. Mazishi 600,000, madeni 5,400,000, zimebaki 24,000,000. Aliusia 3,000,000 za kisima cha msikiti, ziko ndani ya theluthi, zinatoka. Katika 21,000,000 mke anachukua thumni, yaani moja ya nane, 2,625,000. Zilizobaki ni mafungu saba: kila msichana 2,625,000, kila mvulana 5,250,000. Sasa fanya madeni yawe 29,400,000 uone: hakuna kisima wala mirathi. Zoezi hilo fanya na mali yako mwenyewe, linafikirisha kuliko mawaidha ya saa nzima.

Weka sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiopata kitu katika wasia huo, na mkeo ajue daftari liko wapi. Lililofungiwa sandukuni hupatikana baada ya arubaini, watu wameshagawana. Kwa Kenya na Zanzibar mambo haya huenda kwa kadhi; Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya Kiislamu.

Kuhusu huzuni: daftari lifungue kila Ijumaa kabla ya kuoga, dakika kumi. Wiki nyingi utakuta kuna jina la kufuta, na siku hiyo hutoki umenuna. Aliyekudai akiwa amefariki, walipe warithi wake. Wasipopatikana baada ya kuwatafuta kweli, zitolee sadaka kwa niaba yake. Ukishalipa usichane ukurasa. Piga mstari, andika tarehe, mdai aweke sahihi yake pembeni.