Shangazi, hofu hii ni ishara kwamba nimekosea njia?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 37, na kwa miaka 13 nimekuwa mhasibu. Miaka miwili nimesoma ualimu jioni baada ya kazi, nikafaulu, na sasa nimepata shule ya kufundisha hisabati. Naanza baada ya wiki sita. Barua ya kuacha kazi nimeiandika lakini sijaipeleka. Kila usiku saa tisa nashtuka, moyo unakwenda mbio, mikono inatoka jasho, silali tena mpaka kunakucha. Mchana nakunywa kahawa vikombe vinne, cha mwisho saa kumi jioni, ili nisisinzie. Mwalimu mkuu ameniandikia mara mbili na sijathubutu kufungua ujumbe wake. Mume wangu yuko pamoja nami, ila mshahara utapungua. Ofisini kila anayekwama huja mezani kwangu. Kule nitakuwa mwanagenzi wa watu niliowazidi miaka kumi. Je, hofu hii ni ishara kwamba nimekosea njia?*

*Asiyelala*

Marahaba, mwanangu.

Hapana, si ishara. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo linalokukosesha usingizi. Mwili ukihisi kuna jambo kubwa usilolijua linakuja, humwaga adrenalini kwenye damu: moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, viganja vinalowa. Hivyo ndivyo mwili unavyomfanyia anayesubiri matokeo ya mtihani, anayesubiri kujifungua, na hata yule anayeelekea kufanya kosa kweli. Mwili unapiga kengele ileile kwa wote, kwa hiyo usiisikilize kama utabiri.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema kila anayekwama huja mezani kwako. Kuhusu watoto utakaowafundisha hukuandika hata neno moja la woga. Huogopi hisabati, wala huogopi watoto. Nadhani unaogopa kuondoka kwenye meza ambayo watu wanakufahamu na kwenda mahali ambapo utauliza kalamu zinawekwa wapi. Miaka 13 umejenga jina, na sasa unatakiwa uliache mlangoni. Huo ni msiba, mwanangu, ingawa hakuna aliyekufa, na mtu akifiwa hatumwambii ajikaze tu.

Mimi niliacha ukarani nikiwa na miaka 41 nikaenda kujifunza unasihi. Wiki ya tatu, kijana aliyekuwa akitufundisha alinisahihisha mbele ya wenzangu, kwa upole kabisa, nami nikaenda msalani nikalia. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Nilikuwa naililia meza yangu ya zamani, na nilikawia sana kulitambua hilo. Wewe litambue mapema. Mwambie mumeo kwa maneno hayahaya: "Naogopa kwamba nitakuwa si kitu." Hofu iliyotajwa jina huwa rahisi kuishi nayo kuliko ile inayozunguka nyumba usiku bila jina.

Sasa huo ujumbe wa mwalimu mkuu. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kila unapouona ukaupita, unapata nafuu ya dakika chache, sivyo? Nafuu hiyo ndiyo inayokuponza. Ubongo unahesabu hivi: tumeukwepa, tukapona, basi kweli ulikuwa hatari. Kesho hofu inarudi na nguvu zaidi, na hivyo ndivyo kukwepa kunavyoinenepesha. Dawa yake ni kulikaribia jambo kidogokidogo na kukaa hapo mpaka moyo utulie wenyewe, maana hutulia. Ufungue ujumbe mumeo akiwa kando yako. Halafu umjibu mwalimu mkuu ukimwomba siku moja ya kukaa nyuma ya darasa la hisabati kabla hujaanza, usifundishe, utazame tu. Sasa hivi unaogopa darasa ulilolichora mwenyewe gizani. Nenda ukaone lenye madirisha, lenye watoto wanaochoka na kucheka, na lenye mwalimu ambaye naye hukosea ubaoni akafuta.

Suala la mshahara ni tofauti, na hapo sitakutuliza kwa maneno. Wewe umefungia watu hesabu miaka 13, zako umezifunga? Kaa na mumeo mwandike: siku ya mshahara wa mwisho na siku ya mshahara wa kwanza kule, pengo la katikati, madeni, bima ya afya itakatika lini na mpya itaanza lini, akiba itawabeba miezi mingapi. Barua ya kuacha kazi usiipeleke kabla ya hapo, na usiipeleke kabla hujashika mkataba mpya uliotiwa saini. Hesabu zikikubali, hofu ya fedha itakuwa imeshajibiwa, hata kama itaendelea kukusumbua kwa mazoea. Zikikataa, omba tarehe ya kuanza isogezwe mbele. Kusogeza tarehe si kushindwa.

Kuhusu usiku: kile kikombe cha saa kumi jioni kiache. Kafeini hukaa mwilini muda mrefu. Kwa watu wengi, baada ya muda wa saa tano hivi tangu kuinywa, nusu yake bado imo, na mwili wenye hofu hauhitaji kuchochewa. Ukishtuka saa tisa, usianze kubishana na mawazo. Vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu ukihesabu mpaka sita, kwa dakika tano. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu, mapigo ya moyo hupungua. Usingizi ukigoma, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu mpaka macho yalegee. Na jioni, mapema, tenga dakika 20 za kuandika wasiwasi wote ulio nao. Wasiwasi ukija usiku, uuambie zamu yake ni kesho jioni. Mwanzoni utaona kama mchezo wa kitoto, lakini ufanye wiki mbili kabla hujauhukumu.

Hukuniambia umeanza lini kukosa usingizi, na hilo linanitia wasiwasi. Kama siku nyingi katika wiki mbili zilizopita zimekuwa hivi, au chakula hakipiti, au kazi ya sasa imeanza kuharibika, nenda kwa daktari. Wasiwasi unatibika; yapo maongezi na mtaalamu na zipo dawa, na anayezihitaji hajapungukiwa na imani wala akili. Kifua kikibana kwa maumivu, nenda hospitali papo hapo. Na ukifikia kuwaza kwamba afadhali usiwepo, mwamshe mumeo hata kama ni usiku wa manane, na mtafute msaada bila kungoja kuche.

Leo fungua ujumbe tu. Hesabu zianze kesho. Ukishakaa siku hiyo nyuma ya darasa, niandikie uniambie watoto walikuuliza nini.

Shangazi yako