Moshi wa Miritini, mabati ya Rabai

SWALI: Shangazi shikamoo. Naishi huku Rabai na mume wangu ni kibarua kwa kiwanda upande wa Miritini, hizo pesa ndo karo na ndo unga. Lakini kusi ikianza tu moshi wote waja kwetu, shati la shule naanika asubuhi jioni lina vidoa vyeusi, na tangi la maji ya mvua lina utando juu. Nilienda ofisi moja nikaambiwa mama hiyo ni Mombasa, wewe uko Kilifi. Jirani ananiambia nivumilie, mji ukitajirika moshi utaisha wenyewe. Ni kweli? – Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, manake hapo umeligusa jambo lenyewe: mshahara unavuka mpaka wa kaunti na moshi pia unavuka, anayebaki nyuma ni yule wa kukusikiliza. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, sasa chochote kinachotoka bomba la Miritini miezi hiyo kinapanda kuja kwenu, na kaskazi ikirudi zamu inageukia upande wa Kwale.

Hayo maneno ya jirani yako hayakutoka hewani. Mwaka 1991 wachumi wawili wa Marekani, Grossman na Krueger, walilinganisha miji ya nchi nyingi wakaona uchafu wa hewa wa aina fulani unapanda nchi ikiwa inainuka kisha unashuka watu wakishapata. Lakini haushuki wenyewe! Unashuka sababu watu wameanza kudai sheria na filta, na saa zingine unashuka hapa sababu kiwanda kimehamishiwa kwa jirani. Angalia Beijing, walikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, Shougang, wakakihamishia Caofeidian mkoa wa jirani wa Hebei, na mwisho wa 2010 tanuri za Beijing zikazimwa. Hebei ikapata kazi na ikapata moshi, na upepo ukigeuka moshi wa Hebei unarudi Beijing vilevile, mpaka 2013 serikali ikabidi iweke mpango mmoja wa Beijing, Tianjin na Hebei pamoja. Ndo maana nasema Mombasa ikisafika kwa kusukuma viwanda Mariakani, huko Kilifi kwenu, hatujafanya kitu.

Na kuvumilia kuna gharama yake. Pale Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa 2007 ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kikafungwa 2014, na Phyllis Omido aliyefanya kazi hapo mtoto wake mchanga alikutwa mwilini na sumu ya risasi, ile metali ya ndani ya betri. Alipigana mpaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi haikuishia hapo, ikapandishwa rufaa. Kile kiwanda nacho kilikuwa kinaitwa maendeleo, faida ilienda zake na ugonjwa ukabaki kwenye vyumba vya mabati. Mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa wewe fanya hivi. Nunua daftari, andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, moshi rangi gani, na upige picha ya hilo shati kabla hujalifua. Mvua ya kwanza iache ioshe paa imwagike ndo ufungulie tangi, na hayo maji yaliyomo sasa usiwape watoto mpaka yapimwe. Kudhibiti uchafuzi wa hewa ni kazi ya kaunti kikatiba, kwa hivyo barua ziwe tatu, kaunti ya Mombasa, ya Kilifi na NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, kila moja ionyeshe nakala imeenda kwa wengine wasije wakakurusha tena. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini hata kabla hujaonyesha nani ameumia. Barua isainiwe na majirani wengi, jina lako lisitangulie, mumeo asije akapoteza kibarua. Na kama hapo kiwandani wanachoma betri, mwambie aoge na abadilishe nguo kabla hajabeba mtoto, na hao watatu wapeleke wakapimwe damu kama ina risasi, wiki hii.