Shangazi, siku ya kumkumbuka baba ilinipita

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 46. Baba yangu alifariki miaka 9 iliyopita, mwezi Juni, huku kaskazini mwa dunia majira ya joto ndiyo kwanza yanaingia, siku ile yenye mchana mrefu kuliko zote. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea nikiwa na miaka 6, mkono wake ukiwa chini ya tumbo langu. Kila mwaka siku hiyo ikifika hujitenga, nikakaa naye moyoni. Mwaka huu nimekuja kukumbuka baada ya siku 2! Siku yenyewe nilikuwa nje na wanangu, tunacheka. Miaka inakimbia mno. Je, nimeanza kumsahau? Dada yangu anasema nishukuru tu. Nishukuru nini?
Mwogeleaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aliyesahau hakosi usingizi kwa sababu ya kusahau, kwa hiyo hilo tuliweke kando.

Nikuambie habari ya penseli. Marehemu mume wangu alikuwa na mazoea ambayo mimi niliyaona ya kitoto. Kila mwaka, siku ya mchana mrefu, ikitimia saa sita alipiga magoti chini ya dirisha na kuchora mstari sakafuni pale kivuli cha kizingiti kilipoishia, kisha akaandika mwaka. Mistari 14. Yote imelaliana, huwezi kuitenganisha. Alikuwa akinung'unika, "Jua halina habari mpya." Kilichobadilika ni mwandiko wake, tarakimu za miaka 2 ya mwisho zinatetemeka.

Alipofariki sikuigusa ile penseli kwa miaka 3. Mwaka wa 4 nikajikaza, nikachora, nikainuka nimeridhika. Jioni natazama kalenda: nimechelewa siku 4. Nililia kama mtoto. Kesho yake nikainama kuutazama mstari wangu vizuri. Ulikuwa juu ya mistari yake.

Nikaenda kusoma sababu. Dunia imeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na mwezi Juni nusu yake ya kaskazini ndiyo inayolielekea jua zaidi. Jua likifika kileleni haligeuki ghafla, hukawia pale. Walatini wa kale waliiita hali hiyo kusimama kwa jua. Siku 2 baada ya kilele, katika nchi nyingi mchana umepungua kwa sekunde chache tu. Na tarehe yenyewe haitulii, mara Juni 20, mara 21. Kwa hiyo hukuchelewa sana, mwanangu. Ulipokumbuka, jua lilikuwa karibu palepale baba yako alipoliacha.

Kuhusu miaka kukimbia, Mfaransa Paul Janet alieleza mwaka 1877 kwamba mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka 10 ni sehemu ya kumi ya maisha yake, na kwa mtu mzima ni kipande kidogo zaidi. Hesabu nzuri, ila hainitoshi. Mimi namwamini zaidi Mmarekani William James, aliyeandika mwaka 1890 kwamba siku zetu za utu uzima zinafanana mno, hazina cha kushikika kumbukumbuni. Mwaka uliojifunza kuogelea ulikuwa mrefu, sivyo? Basi siku uliyocheka na wanao usiijutie. Kwao huenda ikawa ndefu.

Sasa dada yako. Simlaumu, lakini "shukuru tu" ni neno la kumnyamazisha mtu, hata likisemwa kwa upendo. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Emmons na McCullough, walichapisha utafiti wao: watu walioandika kila wiki, kwa wiki 10, mambo waliyoyashukuru, waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioandika kero zao. Nikajaribu. Kufikia wiki ya 3 naandika "afya, watoto, uzima", kama ninayejaza fomu, na sihisi chochote. Nikakaribia kulitupa daftari. Kisha siku moja nikaandika: "Alikuwa akinishikia ngazi hata nilipomwambia haina haja." Hapo kalamu ikaenda yenyewe, kurasa 2.

Wewe tayari unalo la kuanzia: ule mkono chini ya tumbo. Liandike hilo, siyo "namshukuru baba kwa malezi". Maji yalikuwa baridi? Alikuwa akisema nini? Na lazima kuna siku aliuondoa mkono bila kukuambia, ukaendelea kuelea ukidhani bado upo. Huenda dada yako alikuwa amesimama pembeni akiona. Muulize, badala ya kubishana naye juu ya shukrani.

Akikumbuka, niandikie. Ningependa kujua ulifika umbali gani kabla ya kugundua.