Ukuta wa Delhi kwenye baridi ya Uyole

MASWALI YA WASOMAJI: NYUMBA NA UJENZI

Shikamoo mzee. Niko Uyole, msingi wa nyumba ya vyumba vitatu umeshakauka. Kijana wangu amenionyesha kwenye simu picha ya ubalozi wa Marekani wa New Delhi: jengo jeupe, mbele kote ukuta wa matundu, paa bapa juu ya nguzo nyembamba za rangi ya dhahabu. Nimelipenda mno. Fundi anasema matofali ya matundu atafyatua mwenyewe, na bati tutalificha nyuma ya ukuta. Niendelee? – Baba Wawili, Uyole

Marahaba, mwanangu. Picha hiyo naijua, na sikulaumu kwa kuipenda. Jengo lilisanifiwa na Edward Durell Stone, likafunguliwa mwaka 1959. Miaka ile Marekani ilikuwa inajenga balozi nyingi kwa mkupuo, na wasanifu waliagizwa wazingatie hali ya hewa na desturi za nchi wanakokwenda. Stone akapelekwa Delhi, mji ambao mwezi Mei joto linapita nyuzi 40. Pale kila kitu ulichokiona kina kazi ya kukimbia jua. Ukuta wa matundu unalizuia kabla halijagusa kioo, huku upepo ukipita. Mafundi wa India walishachonga mawe ya matundu ya namna hiyo karne nyingi kabla yake. Wao huyaita jali. Paa limetokeza mbali nje ya kuta ili kuzitupia kivuli. Katikati kuna ua wenye bwawa la maji, upoze hewa.

Sasa wewe, Uyole, unamkimbia nani? Mwezi Julai saa moja asubuhi nawaona hapo stendi mmejikunja ndani ya makoti, kila mtu anatafuta kipande cha jua asimame. Ukijenga ukuta wa matundu mbele ya sebule, utalizuia jua lilelile unalolitafuta, utaingiza upepo wa kusini-mashariki usioutaka, na ikifika Septemba kila tundu litakuwa limejaa vumbi. Mama watoto atalisafisha kwa mswaki, na jina lako litatajwa.

Stone mwenyewe alinogewa. Nyumba yake ya New York, mji wa theluji, aliivalisha ukuta wa matundu mwaka 1956, Delhi ikiwa bado haijafunguliwa. Huko sasa ulikuwa urembo tu. Kwa hiyo usijione wewe ni wa kwanza.

Fanya hivi. Mbeya tuko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini, tena limeinama kiasi cha kuingia dirishani. Madirisha makubwa ya sebule yaelekeze huko. Desemba jua liko juu sana na limehamia kidogo kusini, upenu wa kawaida unatosha kulizuia. Upande wa kusini weka madirisha madogo, na jiko, stoo na choo viwe huko. Matofali yako ya matundu usiyatupe: yatumie kwenye jiko la nje, stoo ya mahindi na ukuta wa magharibi wa kibaraza, ambako jua la saa kumi linachoma macho.

Kuhusu kuficha bati, hapo nakukataza kabisa. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya namna hiyo, Iwambi, baada ya mvua ya mawe. Mawe yalikuwa yamelala kwenye gata la zege nyuma ya ukuta yakaziba tundu la bomba, maji yakapanda yakapita juu ya ncha ya bati yakaingia ndani. Jipsam ya sebuleni ilikuwa na mabaka ya kahawia mithili ya ramani ya Ziwa Nyasa, na kona moja ilikuwa imeshaanguka juu ya kochi. Mwenye nyumba alikuwa bado anadaiwa hiyo jipsam. Toa bati nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi, gata liwe nje, likifurika limwagikie uani.

*

Shikamoo mwalimu. Nasoma usanifu, nyumbani ni Iringa. Nimepewa kazi ya kuchora nyumba ya wageni ya Kalenga yenye "utamaduni wa mahali". Wenzangu wote wanachora misonge ya makuti. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, Gangilonga

Marahaba, binti. Makuti Kalenga yametoka wapi, minazi ipo? Hilo uwaulize wenzako kwa upole.

Wahehe walijenga tembe: nyumba ndefu za pembe nne zinazouzunguka ua, paa bapa la udongo juu ya miti. Iringa penye mvua chache paa hilo linakaa. Lipeleke Tukuyu uone kama litamaliza Machi. Ndiyo maana Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na nyasi, paa limesimama wima maji yateremke. Mkoa na mkoa jirani, mapaa hayafanani.

Ila usianze na umbo la jengo. Anza na watu wanavyokaa. Msanifu wa Marekani Louis Kahn alipopewa kazi ya ubalozi mdogo wa Marekani wa Luanda, Angola, mwishoni mwa miaka ya 1950, alitazama watu. Akaona wanaofanya kazi za mikono wanageukia ukutani, hawaangalii barabara, kwa sababu mwanga wa moja kwa moja unaumiza macho na ule unaorudi kutoka ukutani ni laini. Akachora kuta zilizosimama mbele ya madirisha, zenye matobo, mwanga ugonge hapo kwanza. Juu akaweka paa mbili zilizoachana, moja ya jua na moja ya mvua. Jengo halikujengwa, lakini michoro yake inasomwa hadi leo.

Basi nenda Kalenga saa mbili asubuhi mwezi wa sita. Utawakuta bibi na wajukuu wanaota jua, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Ukuta huo unaelekea wapi? Una urefu gani? Upepo unazibwa na nini? Wachoree wageni wako mahali hapo, mbele ya ukuta mnene wa tofali za kuchoma unaoelekea mashariki na kuhifadhi joto. Hata kama hakuna msonge hata mmoja, bibi yule akija atajua pa kukaa.

Na usichukue mfano wa balozi za Marekani za siku hizi. Baada ya mlipuko wa ubalozi wao wa Beirut mwaka 1983, kisha Dar es Salaam na Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, usalama ulitangulia mbele ya yote: majengo yanakaa mbali na barabara, nyuma ya kuta.

*

Mzee, bati letu jipya halivuji wakati wa mvua, lakini Julai alfajiri linadondosha maji darini. Fundi anasema tumelogwa. – Mama Neema, Njombe

Mwambieni fundi alipwe aende. Usiku wa Julai bati linapoa kupita kiasi. Mvuke wa kupika na kupumua unapenya kwenye nyufa za dari, unaligusa, unageuka maji. Zibeni nyufa za dari, hasa zinapopita nyaya za umeme, kisha acheni matundu yenye wavu chini ya upenu na karibu na kilele cha paa, mvuke utoke. Matundu ya hewa ya vyumba vya kulala msiyazibe kwa matambara, na jiko la mkaa lisilale ndani na watu hata siku moja.