Jibu: Kadi zinajikunja, miguu ya twiga inabanduka

Mkuu, umeuliza kwa nini kadi zako za sanaa za kubadilishana hujikunja zikikauka, na kwa nini twiga wa karatasi uliyemkata kwa mashine na kumbandika juu ya kadi anabanduka miguu. Yote mawili ni maji: gundi na rangi nyingi upande mmoja wa karatasi nyembamba.

Tumia karatasi ya rangi ya maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, uikate milimita 64 kwa 89. Usizidishe ukubwa huo, maana wengi huzihifadhi kwenye vifuko vya plastiki vya kadi za wachezaji. Paka jeso (rangi nyeupe ya msingi, hupakwa kabla ya rangi nyingine) nyembamba mbele, ikauke, kisha nyuma. Nyuma ndiko watu husahau, na ndiko kunakovuta kadi irudi kunyooka. Halafu ndipo ubandike vipande vya gazeti na kupaka akriliki.

Mnyama mkate kwenye karatasi ngumu ya gramu 200 hivi. Gazeti huchanika masikioni na mkiani. Mpake rangi kabla ya kumbandika. Gundi nyeupe ichote kwa ncha ya kijiti cha meno, vidoto vidogo hadi kwenye kwato, kisha kadi ilale chini ya kitabu kizito usiku kucha, juu yake karatasi ya kuokea isigandane na kitabu. Ukitaka kivuli, inua mwili tu kwa kipande cha sponji yenye gundi pande mbili, miguu ibaki chini. Ila kadi hiyo itakuwa nene, kwenye kifuko itabana.

Nyuma andika jina, tarehe na namba, mfano 2/6 (kadi ya pili kati ya sita), kwa wino usioyeyuka. Wino wa jeli hupakaa juu ya jeso.