Usilipie mwaka kwanza! Uliza siku ya 91 kuna nini

Mkuu mleta uzi, kama hela bado iko kwenye simu, iache hukohuko. Nimesoma ulichoandika nikiwa nimesimama jikoni mpaka chai ikafurika ikazima jiko. Unahamia Ilazo hapa Dodoma, kijana wa mwavuli, wakala wa kampuni ya intaneti, kakuambia miezi mitatu ya mwanzo intaneti ya nyumbani haina kikomo, ukilipia mwaka mzima unapewa mwezi mmoja bure. Unauliza ulipie au la, uchukue faiba au ruta ya laini, ruta ikae chumba gani, na kama ufunge kamera. Mimi nililipia. Na kamera nikafunga. Kaa hapo.

Ilikuwa mwaka juzi, huku Nkuhungu. Kijana kama huyo wako, fulana imepauka kwa jua, mdomo asali tupu. Nikamuuliza, "Sasa ikiisha?" Akacheka: "Bosi, hii utachoka wewe, yenyewe haichoki." Siku ileile nikatoa 770,000, maana mwezi ni 70,000 na wa kumi na mbili ni zawadi. Nikajiona mjanja kuliko mji mzima. Nikampigia hadi shemeji yangu Singida kumcheka kwamba yeye bado anahesabu MB.

Kulipia kuliniuma, ila kosa kubwa nililifanya ndani ya zile siku 90, tena kwa furaha. Nyumba nzima niliiegemeza kwenye kitu cha kuazima. Televisheni ikahamia intaneti, king'amuzi nikampelekea mama mkwe kama zawadi. Picha zote za simu, zangu, za mke na za watoto, zikawekwa zijipakie zenyewe usiku. Halafu kamera. Fundi aliniuliza vizuri tu: "Tuweke kinasa chenye diski humu ndani, au zirekodi hukohuko mtandaoni?" Kinasa kilikuwa 250,000 na ushee. Nikamwambia mtandaoni bwana, si haina kikomo? Kamera mbili, moja getini, nyingine uani, zinarusha video saa 24.

Siku ya 91 ilipofika hakuna aliyenipigia kuniaga. Kifurushi kikavaa sura yake halisi: GB 300 kwa mwezi, ukizimaliza spidi inashushwa hadi Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde, yaani kutambaa) mpaka mwezi ugeuke. Wenyewe wanaita "matumizi ya haki". Haki ya nani, sikuambiwa.

Piga hesabu na mimi, maana mwenzio nilikuja kuipiga kwa hasira usiku wa manane. Kamera moja ikirusha kwa Mbps 1 tu mchana na usiku, kwa siku inakula GB 10.8. Mbili, GB 21.6. Siku ya 14 hujabakiwa na kitu, na hapo hakuna binadamu aliyegusa hata YouTube. Na kwangu wanagusa! Netflix wenyewe wanasema saa moja ya HD inafika GB 3, na mwanangu mkubwa ana kipaji cha kuacha katuni zinacheza sebuleni huku yeye kalala chumbani. Mwezi wa kwanza tulifika tarehe 10. Nikasingizia mnara. Nikasingizia upepo wa Dodoma. Nikazima na kuwasha ruta mpaka kitufe kikalegea.

Sasa siku iliyonimaliza. Nina duka la steshenari, na kulikuwa na kotesheni ya vifaa vya ofisi natakiwa niiwasilishe kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Mfumo ule muda ukifika umefika, huna mlinzi wa kumbembeleza kama enzi za bahasha na sanduku la zabuni. Mwisho saa 4:00 asubuhi. Saa 3:20 nikaanza kupandisha viambatanisho. Kile kimstari kikatambaa mpaka asilimia 43, kikasimama. Nikaanza upya. Asilimia 12. Nikaanza upya tena. Nikakimbilia simu niunganishe kompyuta, simu haina bando, maana nani ananunua bando na nyumbani kuna intaneti ya kuogelea? Nikanunua la haraka, likaingia saa 3:57. Paswedi nikaikosea kwa kutetemeka. Ukurasa ulipofunguka ilikuwa saa 4:01 na muda umekwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya milioni sita na kidogo. Usiniulize faida ingekuwa ngapi, mke wangu ameshaniuliza vya kutosha. Mpaka leo nikijifanya najua jambo ananiita Bwana Siku Tisini, tena mbele ya wageni.

Jioni yake mpangaji wangu, kijana anayesoma kompyuta pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akaomba aingie kwenye ruta. Akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, akaanza kucheka kabla hajaniambia kitu. Kumbe spidi ikishushwa kamera hazina habari. Zinaendelea kusukuma, mbili zinataka Mbps 2 kwenye njia ya Mbps 1, na kotesheni yangu iko katikati inapigwa vikumbo. Tukafungua tuone zilichorekodi usiku uliopita. Uwanja mtupu. Saa tisa usiku mbuzi wa jirani akaingia, akatazama kamera, akatafuna ua la mke wangu taratibu mpaka shina, akaondoka. Vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa vinapanda huko mtandaoni wakati kazi yangu imekwama kwenye asilimia 43.

Nikaenda ofisini kwao. Nilikuwa nimepanga wakinizingua naenda TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, maana utaratibu ni kuanza na mtoa huduma kwanza. Dada wa kaunta, mpole kweli, akanigeuzia karatasi niliyosaini. Upande wa nyuma, maandishi kama punje za ulezi: ofa ni siku 90, baada ya hapo GB 300, malipo ya mwaka hayarudishwi. Chini yake sahihi yangu, ile ya mbwembwe. TCRA ningekwenda kumshtaki nani, mkono wangu? Yule kijana namba yake haikupatikana tena. Mwavuli niliuona siku moja pale Sabasaba, chini yake kakaa mwingine, wimbo uleule: utachoka wewe, yenyewe haichoki. Nilisimama nikamtazama mpaka akadhani nataka kusajili laini.

Na usidhani ni sisi tu. Machi 2020, corona imefungia watu ndani, Comcast, kampuni ya intaneti ya Marekani, iliwaondolea wateja kikomo. Tarehe 1 Julai 2020 kikomo kikarudi, TB 1.2 kwa mwezi, ukizidisha dola 10 kwa kila GB 50. Wale angalau tarehe waliisema hadharani, hawakuificha nyuma ya karatasi.

Kwa hiyo hiyo ofa ifute kichwani, jifanye haipo. Muulize kijana wako: siku ya 91 napata GB ngapi, na zikiisha, spidi inashuka hadi ngapi au natozwa kwa kila GB? Asikujibu kwa mdomo, mdomo ndio ulioniponza. Aandike WhatsApp, au aweke kidole juu ya mstari kwenye karatasi wewe ukiona. Kisha angalia unapokaa sasa mwezi uliopita mmekula GB ngapi. Jibu la siku ya 91 likiwa dogo kuliko hizo, mwache na mwavuli wake. Likitosha, lipia mwezi mmoja mmoja, hata akikuapia kwamba punguzo linaisha leo. Huku kwetu waliimba linaisha leo kwa miezi minne mfululizo.

Kamera funga, ila kinasa kikae ndani na diski yake, mtandaoni zipande zile dakika ambazo kuna kitu kimepita tu. Hata kama ni mbuzi.

Halafu hiyo karatasi aliyokupa, igeuze, piga picha upande wa nyuma uiweke hapa. Nataka kuona kama bado ni GB 300.