Kijana mwenye adabu anawezaje kuwa "si muungwana"?

Msomaji wetu wa Pangani anaeleza kwamba katika kikao cha kujadili posa, mzee mmoja wa upande wa binti alimkataa kijana kwa maneno matatu tu: "Huyu si muungwana." Wote waliokuwapo wanamjua kijana huyo kuwa ana adabu, mkweli na mwenye kuwatunza wazazi wake. Msomaji anauliza kama mzee alikosea Kiswahili.

Hakukosea. Alitumia maana kongwe, ambayo wengi wetu hatuisikii tena. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru katika ukoo huru, na kinyume chake hakikuwa mtovu wa adabu bali mtumwa. Kwa kuwa waungwana walijihesabu kuwa ndio wenye adabu, neno liliteleza polepole kutoka kwenye nasaba hadi kwenye tabia, na huko ndiko wengi walikokutana nalo shuleni.

Ukali wa kauli ya mzee unaonekana zaidi tukilinganisha muungwana na huru. Mtumwa aliweza kuachwa huru na bwana wake, akaitwa huru au huria, lakini hakuwa muungwana kwa sababu hiyo; uhuru ulikuwa kitu cha kupewa, ilhali uungwana, kwa fikra za wakati ule, mtu alizaliwa nao. Kwa hiyo mzee hakusema lolote juu ya mwenendo wa kijana. Alisema kwamba babu wa babu zake waliletwa.

Wala si mambo ya kale kama tunavyopenda kudhani. Mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani yalilimwa na watumwa, kama yalivyokuwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza ulifunga masoko na kuzuia biashara ya baharini, lakini haukumwacha huru aliyekwisha kununuliwa. Unguja na Pemba zilisubiri hadi amri ya 1897, na hata hiyo iliwaacha nje masuria, ambao suala lao lilimalizwa mwaka 1909. Bara, Wajerumani walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mtu aliyezaliwa mtumwa Pangani mwaka 1900 angekuwa na miaka 61 Tanganyika ilipopata uhuru wake, akishangilia neno lilelile ambalo wazazi wake walilitamani kwa maana nyingine.

Maana kongwe imebaki pia katika methali, ingawa tumezoea kuikata. Tunasema "Muungwana ni vitendo" na kuiona nasaha nzuri kwa kila mtu, tukisahau kwamba methali kamili ni "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo." Mja hapa si kiumbe wa Mwenyezi Mungu tu, bali ni mtumwa, anayedharauliwa kuwa wake ni maneno matupu. Nusu ya kwanza imeachwa, na sidhani kwamba imeachwa kwa bahati mbaya.

Walioumizwa na neno hili nao hawakukaa kimya. Wafuasi wa misafara ya Tippu Tip huko Manyema, wengi wao wakiwa na asili ya utumwa, walijulikana kama Wangwana, na Kiswahili walichokieneza mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Mtu aliyenyimwa jina hilo pwani alilipata barani, mbali na macho ya waliojua alikotoka.

Msamiati mwingine wa mfumo ule umetawanyika katika maisha yetu bila kutambulika. Mtoro, ambaye leo ni mwanafunzi anayekwepa vipindi, alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Mjinga aliwahi kuwa mtumwa mgeni aliyeletwa karibuni, asiyejua lugha wala desturi za mji, tofauti na mzalia aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Vibarua walipata jina kutokana na vikaratasi walivyopewa kwa kazi ya siku, na miongoni mwao Unguja walikuwamo watumwa wa kukodishwa ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Sioni sababu ya kuyaacha maneno haya, kwani maana yake imekwisha kuhama. Mtwana na kijakazi, yaani mtumwa wa kiume na wa kike, ni jambo jingine: hayajahama, bado ni matusi, na nje ya maandishi ya historia sishauri yatumike.

Kuhusu muungwana, ushauri wangu ni huu. Anayeandika historia ya ukoo au ya mji, na anakusudia hadhi ya kisheria, aandike "aliyezaliwa huru", asije msomaji wa leo akadhani kwamba wengine walikosa adabu. Na familia ya kijana, ikitaka kumjibu mzee, haina haja ya kubishana naye juu ya Kiswahili. Imuulize tu anakusudia maana ipi, aitamke mbele ya kikao.